Nimeuziwa jenereta "kimya" Arusha, linanguruma kama mashine ya kukoboa

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Nina Hiace niliyoiwekea kitanda, friji dogo na betri mbili za volti 12, kila moja Ah 100 (ampea-saa, yaani ujazo wa betri). Sola iko juu ya paa, lakini ukungu wa Ngorongoro mnaujua. Nikaenda duka moja hapa mjini (jina silitaji, uzi usije ukafutwa) nikamwambia muuzaji wazi: nataka jenereta la kuchaji betri kambini, lisilo na kelele. Akanitolea boksi lenye maandishi makubwa eti ni kimya. "Kaka, hili kama friji tu." Kilowati 2.5, laki nane na nusu. Nikaomba waliwashe, wakasema halina oili. Mimi bwege nikalipa.

Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, saa kumi na mbili jioni nikavuta kamba. Wallahi mahema yote yaligeuka. Mzee mmoja wa kundi la jirani akaja kwa adabu kabisa: "Kijana, hiyo mashine ya kukoboa unaizima saa ngapi?" Mama watoto akajifunika kanga usoni.

Tena halikuchaji! Muuzaji alisema nitumie ile soketi ya volti 12, "imetengenezwa kwa kazi hiyo." Inatoa ampea 8. Betri zangu zilikuwa zimeshuka nusu, yaani Ah 100 za kurudisha. Pigeni hesabu: saa 12 na ushee za kelele! Nikazima baada ya dakika arobaini, maziwa ya mtoto yakaharibika.

Niliporudi, fundi wa Mianzini alicheka mpaka akakaa chini. Hilo siyo jenereta la inveta, lile linalopanga umeme wake kielektroniki. Jenereta la kawaida la injini ya namna hii lazima lizunguke mara 3,000 kwa dakika ili litoe umeme wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), hata ukichomeka taa moja. Inveta hupunguza mwendo mzigo wa umeme ukiwa mdogo, ndiyo maana Honda na Yamaha ndogo zinatajwa kwenye desibeli (kipimo cha kelele) hamsini na kitu. Na hata hizo, msidanganyike na namba ndogo ya kwenye boksi: mara nyingi imepimwa umbali wa mita 7, mzigo ukiwa robo tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuhitaji hata dude kubwa hivyo. Chaja nzuri ya ampea 40 ukiichomeka kwenye soketi ya volti 230 inakula kama wati 700, na kwa saa mbili tatu asubuhi betri zinapanda sehemu kubwa, sola inamalizia. Inveta ya kilowati 2 ingetosha na kubaki, hata ukitoa nguvu inayopotea, karibu robo, kule juu mita 2,300 na kitu, hewa nyepesi.

Nimerudi dukani mara mbili. Mara ya kwanza: "Ulilitumia vibaya." Mara ya pili: "Lifunike na blanketi." Blanketi! Kwenye ekzosi ya moto! Mwingine pale akashauri niliweke ndani ya gari nifunge milango, wakati moshi ule unaua familia nzima usingizini.

Risiti ya EFD ninayo, boksi ninalo. Kuna mdau aliyewahi kurudishiwa hela kwa bidhaa yenye maelezo ya uongo? Ulianzia FCC (Tume ya Ushindani) au polisi? Jumatatu saa tatu niko mlangoni mwa duka lile, na safari hii naliwasha palepale barazani.