Kaunta ya jiko la Coaster imepasuka kwenye kona ya sinki, nitapata wapi kipande cha rangi yake?

BintMtoni:
Assalaam alaykum. Mimi na kaka yangu tuna Coaster ya Japani iliyofanywa nyumba, ina vitanda, choo na jiko, tunawakodisha wageni wanaotaka kuzunguka Unguja kwa nafasi yao. Jikoni kuna kaunta ya lile jiwe la kutengeneza, solidi sefesi, si granaiti wala si fomaika, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo na vidoa vya kijivu.

Mwezi uliopita tunarudi Michamvi, ile njia ya ndani ya mawe, nikasikia "tak" nikadhani sahani. Kufika nyumbani naona ufa umeanzia kona ya sinki upande wa jiko la gesi umekuja mbele, urefu kama shibiri, ukipitisha ukucha unakwama. Maji yanapenya, ubao wa chini umeshaanza kufura. Nikaita fundi akajaza pati ya gari akapiga msasa akasema imekwisha, wiki mbili tu pati imekuwa manjano na ufa umetoka tena pembeni yake. Mwengine ananambia ng'oa weka granaiti. Moyo hautaki, kaka alilipenda gari lile kwa sababu ya jiko. Nimezunguka Darajani na Mwanakwerekwe kutafuta kipande cha rangi ile, hakuna. Nisaidieni jamani.

YakheFuoni:
Waalaykum salaam dada. Granaiti usitie kwenye gari. Ya milimita 20 mita moja ya mraba ni kama kilo 54, hiyo yako ikiwa ya milimita 12 haizidi kilo 20 na kitu. Kabati za gari ni mbao nyembamba hazikufanywa kubeba mzigo ule, na granaiti haipindi hata kidogo, gari likipiga shimo inakatika palipo pembamba, yaani hapo hapo mbele ya sinki.

FundiMuscat:
Kazi hii nimeifanya Muscat miaka mingi, jikoni za watu na za hoteli, basi nisikilize vizuri. Jiwe hilo ni akriliki iliyochanganywa na unga wa madini, rangi yake ni moja kutoka juu mpaka chini, ndo maana linatengenezeka, ukilisaga unakuta kitu kile kile. Pati ya gari haiwezi kulishika kwa sababu si jamaa yake. Gundi yake ni ya akriliki, inakuja kwenye katriji, yaani bomba la vyumba viwili, sehemu kumi za gundi kwa moja ya hadina, ile dawa ya kuigandisha, na inatengenezwa kwa rangi kufuata rangi za mawe. Ukiagiza Dar au Dubai tazama tarehe, haikai sana, iweke kwenye friji.

Lakini kabla ya gundi, ufa una sababu yake. Kona ya sinki ikikatwa pembe kali badala ya mviringo, ndipo unapoanzia. Sufuria la moto likiwekwa karibu na jiko la gesi, hapo tena. Na kwenye gari kuna la tatu, kaunta imefungwa kwa nguvu kwenye kabati haina pa kucheza. Hebu toa droo uingize kichwa na tochi utazame chini, unambie umeona nini.

NgalawaNungwi:
Mimi ni fundi wa boti za faiba, naongeza moja. Mawe haya yapo ya akriliki na yapo ya poliesta, na Japani yote mawili yanatumika. Kwaruza kwa msasa chini kusikoonekana halafu unuse. Likitoa harufu kali kama ya rezini ya boti basi ni poliesta, hilo ni kavu linavunjika upesi.

BintMtoni:
Nimeingia chini leo baada ya alasiri. Harufu ya boti hakuna, unga wake mweupe laini kama wa muhogo. Ila nimeona kitu kimeniuma roho, kuna skrubu mbili zimepigwa kutoka chini moja kwa moja ndani ya jiwe, na ufa umepita kwenye tundu la skrubu moja. Hizi si za Japani, zimewekwa hapa gari lilipobadilishiwa sinki. Na kona ni pembe kali kabisa.

Jengine, sinki lina kifuniko chake, kile unachokifunika ukataka nafasi ya kukatia mboga. Kumbe ni jiwe lile lile! Vidoa vile vile. Nikikate?

FundiMuscat:
Alhamdulillah, hicho ndicho ulichokuwa ukikitafuta Darajani. Hata ungepata rangi yenye jina lile lile, jiwe la mwaka mwengine haliendani sawasawa, hicho kimezaliwa siku moja na kaunta na kimepigwa jua moja. Kikate, lakini ukingo mmoja tu, kitabaki kifuniko, ila kidogo zaidi.

Skrubu zitoke zote. Fundi mwenye ruta, ile mashine ya kisu kinachozunguka, akate ule ufa wote atoe kipande kama kabari, akate na kipande cha kifuniko kiingie kwa kubana, na kona mpya ya sinki iwe mviringo. Asikate kwa grainda mkono mtupu, mstari hautonyooka na gundi itaonekana. Pande zote zisuguliwe kwa msasa wa 120, zipanguswe na spiriti kwa kitambaa cheupe, gundi, klempu za kubania, lakini zisibanwe mpaka gundi yote ikatoka. Chini agundishe ukanda wa jiwe hilo hilo kupita kiungo, bila huo ukanda utarudi hapa tena. Ukucha ukiwa hautii alama tena kwenye gundi, imeshika. Kisha msasa 180, 320, 400, kaunta nzima si pale tu, maana juu pameshafifia na ukisugua kiraka peke yake kitajitenga. Mvae maski, unga ule unaingia kila pahala.

Kurudisha kwenye kabati ni madonge ya silikoni, si skrubu. Silikoni inavutika, gari likipinda jiwe linabaki salama.

MamaWete:
Mwanangu na ule ubao uliofura ubadilishwe kwanza, ukauke. Sisi Wete tuliwahi kugundisha juu ya ubao wa maji, kaunta ikakaa upande.

BintMtoni:
Ahsanteni sana, Mungu akulipeni. Ubao tumeshautoa, tumeweka plaiwudi ya baharini. Katriji kaka anaifuata Dar Jumamosi, amechukua kile kipande nilichokata cha kifuniko akalinganishe rangi ya gundi pale pale dukani. Nimekitia maji nikakitazama nje juani, vile vidoa vimetoka vizuri kama kipya.