Wifi anasema nizae tena ili nisipate kansa ya ini. Ni kweli?

MamaWawili_Kibaigwa
Habarini wakuu. Nina miaka 36, nauza mahindi hapa Kibaigwa. Homa ya ini B niligundulika nayo kliniki, mimba ya pili. Watoto wote wawili wamepimwa, hawana. Mama yangu mdogo alifariki kwa kansa ya ini, tumbo limejaa maji, kwa hiyo mimi ubavu wa kulia ukichoma tu silali. Sasa wifi kasoma mahali kwamba wenye virusi hivi waliozaa wengi hawaugui kansa kama waliozaa wachache. Ameshamfikishia mama mkwe, na mama mkwe kalishikilia kweli. Mume yuko kimya, ila kimya chenyewe nakijua. Mimi wa tatu sitaki. Jamani, kuzaa ni dawa ya ini?

Sista_Mstaafu
Pole mwanangu. Wifi hajatunga. Mwaka 2003 watafiti wa Taiwan, ambako homa ya ini B imetapakaa, walichapisha kwamba waliobeba mimba nyingi hadi kujifungua waliugua kansa ya ini kwa uchache, na waliochelewa kukoma hedhi vilevile. Walioondolewa ovari mapema, hatari ilipanda. Inadhaniwa estrojeni, homoni ya kike, hutuliza ini, ilhali homoni ya kiume huvichochea virusi. Wanaume wanaugua kansa hii mara mbili au tatu zaidi yetu.

Lakini Italia walikuta kinyume: waliozaa wengi ndio waliougua zaidi. Tena mwanamke ambaye ini limeshaanza kusinyaa, hedhi huvurugika na mimba hazishiki. Utasema kaugua kwa kuzaa wachache, kumbe kazaa wachache kwa sababu ini lilishaharibika. Mama mkwe umweleze hilo.

Wingi wa virusi umepimwa? Ultrasaundi je?

MamaWawili_Kibaigwa
Hapana sista. Niliambiwa mimi ni mbebaji tu, nirudi nikiumwa.

Sista_Mstaafu
Ini halina adabu ya kuuma mapema! Likianza kuuma, uvimbe mara nyingi umeshakuwa mkubwa. Kwenu kuna aliyekufa nayo, kwa hiyo mwambie daktari hilo kabla hata hajakuuliza. Omba wingi wa virusi, vipimo vya utendaji wa ini, na ultrasaundi kila miezi 6, pamoja na AFP, kipimo cha damu kinachosaidia kubaini kansa ya ini, kikipatikana. Virusi vikiwa juu na ini linaumia utaanzishiwa tenofovir, hiyo hiyo iliyomo kwenye ARV, kwa hiyo usishtuke ukiona kopo. Vidonge vya uzazi wa mpango havikatazwi kwa mbebaji ambaye ini lake halijasinyaa vibaya.

Dalali_wa_Nafaka
Dada, usisahau sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, wewe unaishi ndani ya magunia. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Ikikutana na homa ya ini B, hatari ya kansa inapanda sana. Yale yaliyovunda tunayochambua pembeni "ya kula nyumbani", achana nayo. Karanga zilizosinyaa pia.

MamaWawili_Kibaigwa
Hayo ndiyo tunayokula, kaka. Mazuri yanauzwa. Jumatatu nakwenda Dodoma mjini kupima.

Sista_Mstaafu
Nenda na mumeo. Kama hana virusi, achanje dozi zote tatu. Na huko njiani ndiyo mzungumze habari ya mtoto wa tatu, wifi hayupo.