Naombeni ushauri: ndege za kivita, kununua au kuunda?

Wakuu habari za jioni, niko Uyole hapa Mbeya baridi inanitafuna. Mdogo wangu yuko form six, Jumamosi ana mdahalo, kama nchi inunue ndege za kivita nje au iunde zake, yeye kapangiwa kuunda na kanipigia mimi eti kwa sababu ni fundi pawatila, sasa pawatila na jeti wapi na wapi jamani 😂

Nimempa mfano wa India. Mradi wa Tejas, ndege yao ya kivita, ulianza 1983, ikaja kuruka 2001, yani miaka 18, na injini bado wanachukua Marekani, na 2016 wakasaini na Ufaransa kununua ndege za kivita 36 aina ya Rafale. Hapo si ndo nimewapa wapinzani rungu?

Ila anayenunua naye spea anamsubiri muuzaji, akinuniwa tu ndege inageuka banda la kuku, hilo nalijua maana kuna injini ya mteja imelala hapa gereji tangu msimu wa viazi uliopita inasubiri nozeli.

Sasa bodi umeunda wewe, injini umenunua, hiyo ndege ni yako kweli? Mi naona nusu, dogo anabisha. Akiulizwa hivyo ajibuje? Nisaidieni kabla ya Ijumaa.