Futari ya wakwe Jumamosi: nipambe meza au nitandike chini?

mama_wawili_tabata

Assalaam alaykum wapendwa, poleni na mfungo. Naombeni mawazo yenu. Jumamosi hii mama mkwe anakuja kufuturu kwangu, anatoka Tanga anafikia kwa wifi yangu Temeke halafu wanakuja wote, yaani yeye, mawifi wawili na waume zao, shemeji mmoja na watoto wanne, ukijumlisha na sisi wanne wa hapa tunafika 14.

Chakula sina wasiwasi nacho, uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi, mihogo, tambi za sukari, kachori, sambusa, kaimati, mkate wa kumimina, samaki, hivo navijua. Kinachonitesa ni mpangilio. Natamani mtu akiingia aone kweli nilikuwa namsubiri.

Mwaka jana nilijitahidi sana, nikanunua maua ya plastiki, vasi mbili za glasi, mishumaa mirefu na kile kitambaa cha dhahabu cha kupita katikati ya meza, nikapanga kama nilivyoona kwenye picha za mtandaoni. Adhana ilipolia ndo nikajua nimekosea, hapakuwa na pa kuweka bakuli za uji! Mama mkwe kashika bakuli la moto mkono mmoja, mkono mwingine tende, anaangalia huku na huku, mimi nahangaika kuhamisha vasi na watu wana kiu tangu alfajiri. Hakusema neno lakini mpaka leo nikikumbuka moyo unaniuma.

Nilichonacho ni meza ya watu 6, busati moja kubwa na mikeka miwili ya ukindu aliyoniletea mama kutoka Rufiji. Sebule ya kawaida tu. Bajeti ya mapambo elfu 60. Niweke meza au chini? Na nipambe na nini?

bintiunguja

Waalaykum salaam dada yangu, Ramadhan karim. Miye nasema tandika chini, wala usijiulize mara mbili. Watu 14 hawaenei meza ya watu 6 hata ufanyeje, utajikuta wanaume wako mezani, wanawake jikoni, watoto wamekaa mlangoni na sahani mapajani, na mavyaa ako kaja toka Tanga kukaa na wanawe pamoja. Kwetu unatandika busati, juu ya busati mkeka, juu ya mkeka supra (kitambaa cha kupangia vyakula), watu wanakaa pande mbili na vyakula vinapita katikati, kila mtu anamuona mwenzake.

Pambo la futari ni kawa, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa. Nisikilize vizuri hapa maana watu wanazidharau siku hizi, wanafunika kwa foili. Kawa la ukili lenye rangi, lile la zambarau na kijani na nyekundu, ukiyapanga manne matano kwenye supra nyeupe huhitaji ua lolote la plastiki, mtu akiingia anaona vilele vile vya rangi tu na hajui chini yake kuna nini. Halafu lina kazi yake, kwa kuwa limesukwa linapumua, mvuke unatoka, kwahivyo sambusa na kachori zinabaki kavu. Ukizifunga kwenye foili au hotipoti zinatoa jasho, ikifika magharibi zimelegea kama zimelowekwa. Hotipoti iwe ya magimbi na mihogo.

Harufu sasa. Udi choma mapema, baada ya alasiri, mlango wazi, kisha chetezo kitoe nje kabisa. Usifukize wageni wakishafika, kwanza kuna masheikh wanaokataza mtu kuvuta moshi wake kwa kukusudia na saumu, pili udi na samaki wa kukaanga havipatani. Wakishamaliza kula na kunawa ndio chetezo kinarudi, pamoja na kahawa na haluwa.

Na asumini. Chuma jioni ikiwa bado vichwa, imefumba, meupe kama punje za mchele mkubwa. Iviringe kwenye kitambaa kilichonyeshwa maji, iweke mahali pa baridi. Saa 12 kasoro itawanye kwenye visahani vidogo. Yenyewe hufunguka kuanzia magharibi, kwahivyo watu wanakula na maua yanafunguka mbele yao, harufu inakuja pole pole. Hakuna vasi itakayokupa hicho.

mpambaji_kkoo

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni mapambo, harusi, kichenpati, maulidi, mwaka wa 11 huu, na nakubaliana na dada wa Unguja kwa mengi isipokuwa magoti. Mama mkwe ana umri gani? Kama magoti yanamsumbua ukimkalisha chini anakula kwa mateso na kunyanyuka mpaka ashikwe mkono mbele ya wakwe zake, hiyo sio heshima. Muulize wifi yako kwa simu leo, usisubiri Jumamosi.

Meza yako usiitoe ila isukume ukutani. Kila kitu cha majimaji kikae mezani, uji, chai, juisi ya ukwaju, jagi la maji, supu kama ipo. Vikavu vyote chini. Nimeona supra nyingi nzuri zikiharibika dakika ya tatu kwa sababu mtoto kapiga teke jagi. Upande mmoja wa meza acha viti vitatu kwa wazee, na huo upande uwe umegeukia supra ili wasijione wametengwa.

Pima kabla. Mtu mzima anataka kama sentimita 60 za kukaa ili viwiko visigongane. Ukitoa watatu wa mezani wanabaki 11, weka 6 upande huu na 5 upande ule, hiyo ni mita 3 na nusu hivi, watoto wakibanana unaweza kuishia mita 3. Chukua futi upime sebule kabisa, kama haifiki panga herufi L.

Kitambaa usinunue cha dhahabu, tumia kanga. Kanga moja ina kama mita moja na nusu kwa moja na kidogo, sasa ukichukua doti nzima bila kuikata ukazilaza mbili kwa urefu unapata hizo mita 3, pindo zinakaa upande wa watu na mji, yaani ile sehemu ya ndani ya pindo, unabaki katikati chini ya vyakula, yaani utafikiri kanga ilichorwa kwa kazi hiyo. Ila ikiwa mpya ifue kwanza, wanga utoke, na rangi nyingine zinachuja, usije ukapaka mkeka wa mama yako.

Majani ya mgomba mnayo Tabata hayo ni bure. Likate, toa uti mgumu wa katikati, kisha lipitishe juu ya moto haraka haraka mpaka ulione linabadilika linakuwa kijani kilichoiva na linang'aa, hapo limelegea halipasuki tena. Tandika kwenye sinia, panga kachori upande mmoja, sambusa upande mwingine, kaimati katikati kwenye bakuli. Kijani kile na rangi ya vitu vilivyokaangwa vinapendeza mno.

Pambo lolote la katikati lisizidi kimo cha glasi. Watu wamekaa chini, ukiweka kitu kirefu wanaongea na ua.

Taa: ile nyeupe yenye ubuluu inafanya chakula cha nazi kionekane kijivu, badilisha balbu ya sebuleni weka ya njano, hiyo peke yake utaona tofauti kubwa kuliko mishumaa yote. Mishumaa na feni haviendani, na feni huwezi kuzima kwa joto hili. Ukiitaka lazima ikae ndani ya glasi na iwe mezani, sio chini walipo watoto.

kibokoni_msa

Hapo kwa kanga, sisi huku Mombasa twaita leso, naomba niongeze moja. SOMA JINA LAKE kabla hujaitandika.

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilialika futari, nikatandika leso mpya nzuri sana nyekundu na nyeupe, niliipenda kwa rangi yake wala sikuangalia maandishi. Kumbe imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Wifi yangu mkubwa alikuja akakaa pale pale, maandishi yanamtazama usoni, yeye na mimi tulikuwa na maneno kidogo wiki ile. Hakugusa mkate wa mayai, hakugusa viazi vya karai, akanywa maji akainuka. Ilibidi mume wangu aende kwao kueleza na mimi nikaenda kuomba radhi siku ya Idi, na wallahi sikuwa nimekusudia. Leso ni barua, watu wazima wanaisoma kabla ya kuonja chakula.

Wewe tafuta ile ya NANI KAMA MAMA, ziko tele, na upande wenye maandishi ulaze atakapokaa mkweo.

baba_temeke

Dada zangu mmesema vizuri ila wote mmeiruka swala. Nyumba yenye wanaume wote hao, adhana ikilia hawakai kula mihogo. Wanakula tende, wanakunywa maji, labda kachori moja, wanasimama kuswali magharibi, ndio wanarudi kwenye futari yenyewe. Sasa ukiwa umefunua kila kitu saa 12 na nusu, wakirudi uji una utando juu na nzi wameshafuturu kabla yao.

Mimi mke wangu anaweka sehemu mbili. Ya kwanza ni sinia dogo karibu na mlango wa sebule, glasi za maji zimeshajazwa, visahani vya tende tatu tatu, na BAKULI LA KOKWA. Hili bakuli watu wanalisahau kila mwaka, utaona mtu mzima na kokwa tatu kiganjani hajui azitupe wapi, anaishia kuziweka mfukoni mwa kanzu. Sehemu ya pili ndio supra kubwa, yote imefunikwa makawa kama alivyosema bintiunguja, haiguswi mpaka swala iishe.

Na acha nafasi ya kuswalia. Ukijaza sebule nzima supra wanaume wataswali wapi? Au zungumza na jirani, au tandika mikeka yako miwili ya ukindu barazani, kibla ukijua kabisa kiko upande gani.

mama_wawili_tabata

Jamani Mungu awalipe. Hili la swala ndo lilikuwa kosa langu lote la mwaka jana na sikulijua, nilitaka meza moja ifanye kazi mbili kwa wakati mmoja.

Nimempigia wifi, kumbe mama magoti yanamsumbua kweli tangu mwaka juzi, kwahiyo viti vitatu vitakuwepo. Nimepima sebule, mita 3 zinaingia nikitoa sofa moja nikalipeleka chumbani. Mikeka ya Rufiji itakuwa ya kuswalia barazani. Kanga nimezitoa zote kabatini nimezisoma moja moja, hakuna hata moja ya kumtandikia mkwe, kesho naenda Kariakoo.

Swali langu la mwisho, asumini kwa Dar napata wapi? Na vyombo vyangu havilingani, sahani nyeupe ninazo 8 tu, zingine zina maua. Nikodi?

bintiunguja

Ulizia majirani, nyumba za watu wa pwani hazikosi mti wa asumini uani, mwenye nao huwa hanyimi, mpelekee sahani ya kaimati tu. Ukikosa kabisa chukua mrehani, vishada vidogo vifungwe na uzi vikae pembeni ya kila sahani, mtu akikipikicha kidogo kinanukia mkononi.

mpambaji_kkoo

Usikodi, hiyo hela nunua makawa. Nyeupe 8 zipange upande mmoja wa supra pamoja na mezani, za maua upande mwingine. Zikikaa pamoja zinaonekana umechagua, zikichanganywa moja moja ndo zinaonekana zimepungua. Glasi tu ndo zilingane kwenye lile sinia la kwanza maana ndo kitu cha mwanzo wanachoshika.

mama_wawili_tabata

Wapendwa nimerudi kuwapa habari. Kanga nilipata, NANI KAMA MAMA, ya bluu na njano, nimeifua mara mbili. Makawa matano, moja kubwa nimeliweka juu ya sinia la mkate wa kumimina. Asumini nilipewa na bibi mmoja nyumba ya tatu kutoka kwangu, nimekaa miaka minne mtaa huu sikujua ana mti.

Mvua ilitaka kunyesha saa 11, nikatetemeka kwa ajili ya mikeka ya barazani, ikapita. Adhana ilipolia kila mtu alikuwa na glasi mkononi, hakuna aliyeuliza chochote, wanaume wakatoka kuswali, mimi na mawifi tukaswali chumbani. Tuliporudi mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, kainamia supra anasoma kanga. Akanyamaza muda. Halafu akanyoosha mkono akaliinua kawa kubwa yeye mwenyewe, mvuke wa mkate ukatoka na iliki yake, akasema "haya wanangu njooni".

Samaki alichelewa, nilimkaanga mwishoni na mafuta yalikuwa hayajapata moto vizuri. Na binzari ya magimbi imeingia kwenye pindo la kanga, nimeloweka na sabuni ya mche tangu jana bado inaonekana, mwenye ujuzi wa kuitoa anisaidie. Wifi mdogo aliuliza makawa nimenunua wapi, nikampa mawili aende nayo, Jumamosi ijayo futari iko kwake.