Nina daftari la mayatima wa Freretown, naomba ushauri

Mjukuu_wa_Pasta: Habari za jioni wakuu. Babu yangu alikuwa mchungaji huku Mombasa tangu enzi za mkoloni. Ameacha sanduku la bati: barua, mahubiri, na daftari kubwa la watoto yatima wa misheni ya Freretown, wale waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mna majina, umri, kabila, na mwaka kila mtoto alipookolewa. Wa kwanza ni 1872. Mchwa wameshakula pembe, wino umekuwa rangi ya chai. Usingizi sipati. Nilihifadhi vipi? Na mtu akitaka kununua, bei huwa ngapi?

Kahawa_Tungu: Usithubutu mfuko wa nailoni! Mamangu aliweka vyeti vyetu humo, na joto hili la Mombasa, vikaota ukungu vikagandana. Cha kaka yangu mpaka leo hakisomeki. Funga kwa kitambaa cha pamba, weka mbali na ukuta.

Mlokole_wa_Changamwe: Esau aliuza haki yake kwa bakuli la dengu. Tafakari, kijana.

Binti_Bagamoyo: Huku kwetu mapadre walianza mapema zaidi, 1868, wakileta watoto waliowanunua soko la Zanzibar ili wawakomboe. Nyanya alikuwa akitupeleka makaburini pale misheni, anatuambia tusome majina kwa sauti, wasisahauliwe. Hata sasa nikipita nasoma.

Msomi_wa_Sheria: Jibu mawili. Daftari lina mhuri wa nani? Na huyo mnunuzi ni nani?

Mjukuu_wa_Pasta: Mbona kama polisi? Nimeuliza bei tu.

Msomi_wa_Sheria: Mhuri wa nani?

Mjukuu_wa_Pasta: Wa kanisa. Babu alilichukua ofisini anakili, hakulirudisha. Lakini hakuna aliyeliulizia zaidi ya miaka 40! Lingebaki kule mchwa wangelimaliza. Mnunuzi yuko ng'ambo, ameshatuma arbuni sh. 40,000, nimelipa karo ya binti yangu. Mlitaka akae nyumbani? Anaahidi kulitunza vizuri kuliko sisi.

Msomi_wa_Sheria: Kumbe umeshauza, unatafuta wa kukubariki. Babu hakuweza kukurithisha kisichokuwa chake. Na vitu vya kale havitoki Kenya bila kibali, sheria ya turathi ya 2006 iko wazi.

Mpekuzi: Wakuu, tunanyweshwa chai hapa. Mkataba wa Sultan Barghash wa kufunga biashara ya watumwa ni 1873. Freretown ikaanzishwa na mmisionari Price 1875. Mtoto wa 1872 kaingiaje? Mods fungeni uzi.

Kahawa_Tungu: Na mimi nilishatoa siri za vyeti vyetu 😂

Mjukuu_wa_Pasta: Wallahi sijatunga. Mbele ya huyo wa 1872 pameandikwa "Nasik". Sijui maana yake.

Bi_Rabai: Mpekuzi, punguza kasi. Kabla ya Freretown, manowari za Waingereza zilikuwa zikiwapeleka watoto Bombay, wengine wakalelewa kituo cha misheni karibu na Nasik, kulekule India. Price mwenyewe alikisimamia kabla ya kuja huku. Waliorudi ndio Wabombay. William Jones na Ishmael Semler, waliopewa ushemasi 1885, walipitia huko. Mtu wa kutunga chai asingeijua Nasik.

Mjukuu, nimekutumia jina faragha. Nitazamie, tafadhali.

Mpekuzi: Kwa hilo nimekosa. Samahani mwenye uzi.

Mjukuu_wa_Pasta: Bi Rabai, yupo. Ukurasa wa 14, mstari wa tatu kutoka chini. Myao. Umri kama miaka 7. Kwenye jina la mama: "hakumbuki". Ni nani wako?

Bi_Rabai: Babu yake babangu. Babangu ana miaka 88, maisha yake yote akiitwa mtu wa kuja, hana kwao. Myao! Mwanangu, usilipeleke popote kabla hajaliona kwa macho yake.

Mjukuu_wa_Pasta: Arbuni ya watu bado inanikaba, sijui nitairudisha na nini. Mnunuzi amepiga mara mbili, sijashika simu. Mleteni mzee kesho saa nne, pale kwenye kengele ya Kengeleni. Nitakuja nalo.

Bi_Rabai: Tutakuja. Lifunge kwa kitambaa cha pamba kama ulivyoambiwa.