Radi za Zohali: zinatoka kwenye pete au mawinguni?

FundiKadutu
Jambo wandugu. Natengeneza redio hapa Kadutu, Bukavu. Radi zikianza kule Kabare, redio ya mawimbi mafupi mezani inakwaruza kabla mvua haijafika kwetu. Sasa kijana mmoja ananiambia Voyager 1, chombo cha anga cha Marekani, ilinasa mikwaruzo ya aina hiyo karibu na sayari ya Zohali, Novemba 1980, na kwamba cheche zinatoka kwenye pete. Mimi sikubali. Pete ni vipande vya barafu, hamna wingu wala hewa ya kupanda na kushuka. Umeme utajengwa na nini? Nataka kumjibu kwa ushahidi.

Mwalimu_Ibanda
Fundi, kijana hakulitoa hewani. Wanasayansi wenyewe walianza huko. Mikwaruzo ilirudi kila baada ya saa 10 na dakika 10 hivi, na sayari ilipimwa inajizungusha kwa saa 10 na dakika 39. Iko sehemu ya pete inayozunguka kwa saa 10 na dakika 10 hizo, basi wakaishuku. Ila mawingu ya ikweta nayo yanasukumwa na upepo wa karibu kilomita 1,800 kwa saa, yanaitangulia sayari. Hesabu ikakubali bila pete.

FundiKadutu
Asante mwalimu. Lakini hesabu kukubali si kuona. Wingu lenyewe nani aliliona?

Mwalimu_Ibanda
Cassini, chombo kilichoizunguka Zohali tangu 2004. Dhoruba ilikuwa nyuzi 35 kusini mwa ikweta yake. Wingu likiwa upande wa chombo, mikwaruzo inasikika. Likipita nyuma ya sayari, kimya. Na huko upepo ni mdogo, kwa hiyo muda ukawa karibu saa 10 na dakika 40. Halafu hii ndiyo naiona nzito kuliko zote: dhoruba zikikosekana, miezi inapita bila mkwaruzo hata mmoja, na pete ziko palepale!

YayaFuraha_Goma
Na Agosti 2009 Cassini ikapiga picha za mimweko yenyewe, upande wa usiku. Siku zingine mwanga wa pete unaumulika upande huo, lakini wakati ule Jua lilikuwa linazipiga ukingoni tu, giza likatosha. Radi zinazaliwa chini sana, kwenye mawingu ya maji, chini ya yale ya amonia tunayoyaona.

FundiKadutu
Hapo nimeshiba. Kijana akipita kesho namuonyesha. Swali la mwisho: zinasikika megahezi ngapi?

Mwalimu_Ibanda
Voyager ilizisikia hadi megahezi 40. Zile za megahezi za chini kabisa zinazuiwa na ionosfia ya Zohali, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme. Hata hapa duniani zimenaswa, kwa antena kubwa za UTR-2 kule Ukraine.