Tupeane uzoefu: mliopeleka au kuondoa watoto katika shule binafsi za Kiyahudi hapa Marekani

Mleta mada (New Jersey)

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni. Mimi ni Mkenya, nimeolewa na Myahudi wa hapa, na niliongoka kuwa Myahudi mbele ya marabi (viongozi wa dini) wa Conservative, mmoja wa mikondo ya Uyahudi, kabla ya binti yetu kuzaliwa. Septemba ijayo anaanza shule. Baba yake angependa aingie shule binafsi ya Kiyahudi ya kutwa, ambako watoto husoma Kiebrania na Torati nusu ya siku, na nusu nyingine husoma hesabu, sayansi na Kiingereza kama wenzao wa shule nyingine. Mimi naitazama shule ya umma ya mtaani kwetu, ambayo tunailipia tayari kupitia kodi ya nyumba, pamoja na masomo ya dini ya sinagogi ya Jumapili asubuhi na alasiri moja katikati ya juma.

Karo mnazifahamu: dola 20,000 hadi 40,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja ni jambo la kawaida, na baadhi ya sekondari za Manhattan zimeshavuka hapo. Sihitaji kuelezwa habari za matokeo ya mitihani wala maabara, kwa kuwa kila shule ina picha nzuri za kuonyesha wageni. Ninachoomba ni habari za nyumbani: maisha yenu yalibadilikaje baada ya mtoto kuanza, na ni jambo gani mngeliuliza mapema?

Mama Wawili (Maryland)

Dada, mimi ni mzaliwa wa Tanga, na wanangu wawili wanasoma shule ya aina hiyo. Mkubwa yuko darasa la tano. Jambo ambalo halisemwi siku ya kutembezwa shuleni ni kwamba ukishalipa ada umechukua na kalenda yao. Mwaka 2024 Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Sikukuu ya Vibanda na Furaha ya Torati ziliangukia Alhamisi na Ijumaa katika majuma matatu ya mwezi mmoja wa Oktoba, na shule yetu ilifungwa hata zile siku za katikati ya Vibanda. Mimi ni muuguzi wa zamu. Wenzangu wodini watoto wao walikuwa darasani, nami nilikuwa nikibadilishana zamu na yeyote aliyekubali. Wakati wa baridi Ijumaa hufungwa mapema, kwa sababu Sabato huanza jua la Ijumaa likizama, na mwezi wa Disemba mishumaa yake huwashwa huku kiasi cha saa kumi na nusu alasiri, na walimu nao wanapaswa kufika makwao kabla ya hapo.

Jikoni vilevile. Chakula cha mchana kinachotoka nyumbani kwetu kinatakiwa kiwe cha maziwa au cha mboga, kwani nyama hairuhusiwi kabisa kuchanganyikana na maziwa katika meza moja ya watoto. Mama yangu alipokuja kututembelea alimfungia mjukuu wake pilau ya ng'ombe kwa mapenzi yote; kontena likarudi halijafunguliwa, likiwa na barua fupi ya adabu, na mtoto alikuwa amepewa mtindi na tufaha ofisini. Bibi alinuna mpaka magharibi. Siku hizi ni chapati na maharage ya nazi, na najua kwamba shule nyingine zisingekubali hata hayo, kwani hutaka vyakula vya pakiti vyenye alama ya kosher pekee, yaani vilivyothibitishwa kuwa halali kwa sheria ya Kiyahudi. Uliza kabla ya kujiandikisha.

Faida ninayoiona mimi ni moja, lakini ni kubwa. Darasa la kwanza kila mtoto alikabidhiwa kitabu chake cha sala mbele ya wazazi, na tangu hapo usiku wa Sabato mwanangu ndiye anayetuongoza mezani. Baba yake, ambaye alikuwa amesahau nusu ya maneno, sasa hufuatisha nyuma ya mtoto. Sidhani kama masomo ya Jumapili peke yake yangetufikisha hapo, ingawa najua wapo waliofika kwa njia hiyo.

Kuhusu fedha: bei iliyoandikwa si bei ya mwisho, na hilo lina pande mbili. Kamati ya msaada wa ada inaweza kupunguza sana, lakini utaanika mapato yenu yote, mkopo wa nyumba, hata gari mnaloendesha. Upande wa pili, juu ya ada kuna mchango wa ujenzi, mchango wa ulinzi, na karamu ya mwaka ya harambee ambayo wazazi wanatarajiwa kununua nafasi. Omba jumla kwa maandishi.

Mwana wa Mbale (California)

Dada mleta mada, neno lako kwamba uliongoka kwa marabi wa Conservative ndilo lililonifanya niandike. Natoka katika jamii ya Abayudaya, Wayahudi Weusi wa Uganda. Kwetu Uyahudi ulianza mwaka 1919 na Semei Kakungulu, ukapigwa marufuku enzi za Idi Amin, na mwaka 2002 wengi wetu tulipitia uongofu rasmi mbele ya marabi wa mkondo huohuo wako. Shule yetu ya msingi ya Hadassah, nje ya mji wa Mbale, husomesha Wayahudi, Wakristo na Waislamu katika madarasa yaleyale, kwa hiyo niliposikia watu wa huku wakisema shule ya Kiyahudi nilidhani wanazungumzia kitu cha namna hiyo.

Huku shule nyingi za namna hii hupokea watoto wa Kiyahudi tu, na swali la nani ni Myahudi hujibiwa tofauti na kila mkondo. Shule ya Orthodox, mkondo unaoshika sheria za kale kwa ukali zaidi, kwa kawaida haitautambua uongofu wako, na kwa kuwa wao huhesabu dini kwa upande wa mama, hata kama baba ni Myahudi wa vizazi kumi, binti yako atakuwa na swali juu ya kichwa chake. Nyingine humpokea mtoto na kutaka aongoke kwa njia yao kabla ya kufikia bat mitzvah, yaani umri wa miaka 12 ambapo msichana huhesabiwa mtu mzima kidini. Shule za Conservative na zile za jumuiya zisizofungamana na mkondo mmoja hazitakusumbua. Jibu la mdomo la mtu wa uandikishaji halitoshi, pata barua.

La pili ni rangi. Tuliombwa kila mwaka mwanetu asimame mbele ya darasa asimulie habari za Afrika, yeye aliyezaliwa hapahapa Los Angeles na ambaye Uganda anaijua kwa likizo tu. Mwalimu hakuwa na nia mbaya, na tulipozungumza na mkuu wa shule jambo lile lilikoma, lakini ilitubidi sisi ndio tuanze. Usitazame picha za tovuti. Nenda ukasimame getini wakati wa kutoka, uhesabu mwenyewe.

Mleta mada

Asante sana kaka. Shule ambayo mume wangu anaipenda zaidi ni ya Orthodox ya kisasa, na hakuna aliyetuuliza lolote kuhusu uongofu wangu hadi sasa. Nitaandika barua juma hili.

Baba Kisauni (New York)

Sisi tulimwondoa wetu, na sababu haikuwa ada. Mke wangu ni Myahudi, mimi nimekulia Mombasa na nimesoma chuo cha Kurani utotoni, hivyo kusoma kutoka kulia kwenda kushoto na irabu zikikaa chini ya herufi havikunishangaza hata kidogo. Kilichotushinda ni kwamba mtoto ana shida ya kusoma, ile ambayo herufi hazitulii machoni pake, naye alikuwa akifundishwa alfabeti mbili kwa pamoja. Akifika kwenye sala ya asubuhi alikuwa amekwisha kariri kila kitu kwa sikio, ananyoosha kidole chini ya mstari ambao si wenyewe, na walimu walichukua nusu mwaka kugundua.

Sheria ya shirikisho inaitaka shule ya umma impatie mtoto wa namna hiyo elimu inayomfaa bila malipo, kwa mpango ulioandikwa na kutiwa saini; shule binafsi haibanwi kwa kiwango hicho, na yetu ilikuwa na mwalimu mmoja wa msaada kwa ghorofa nzima. Sasa yuko shule ya umma, anasoma Kiingereza vizuri, na Kiebrania anafundishwa nyumbani na babu yake polepole. Amepoteza marafiki wa Sabato, nalo silifichi, kwani familia zile hukaa karibukaribu ili ziende sinagogi kwa miguu, nasi hatukuwa tena kwenye mzunguko wao.

Kuhusu ulinzi, utamkuta askari mwenye silaha mlangoni, na watoto hufanya mazoezi ya kujifungia darasani. Baada ya mauaji ya watu 11 katika sinagogi la Pittsburgh mwaka 2018 hakuna anayelijadili hilo. Sisi tuliozoea kupekuliwa kwenye maduka ya Nairobi baada ya shambulio la kigaidi la Westgate tuliona ni afadhali kuliko kukosekana.

Mwalimu wa Hesabu (Chicago)

Mimi si Myahudi, ni Mkisii, na nafundisha hesabu kipindi cha mchana katika shule ya aina hii. Asubuhi watoto wa madarasa ya juu hukaa wawiliwawili juu ya ukurasa mmoja wa Talmud, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi wa kale, na kubishana: huyu anasema rabi fulani alikusudia hivi, mwenzake anampinga kwa mstari wa juu yake. Wakija kwangu wanabishana vivyo hivyo juu ya hatua ya tatu ya mlinganyo, na mwalimu aliyezoea darasa la kunyamaza atapata taabu. Kwa watoto wanaopenda maneno ni mahali pazuri mno. Kwa mtoto mkimya sina hakika, hasa kwa vile siku ni ndefu na mimi nawapokea wakiwa wamechoka.

Ukitembelea, Mama, usikubali kupelekwa asubuhi tu, kipindi ambacho kila shule hujipamba. Omba kukaa darasani saa nane mchana. Na uliza walimu wa Kiebrania wamedumu miaka mingapi, kwa sababu wengi huja kutoka Israeli kwa mkataba wa muda mfupi, na darasa likibadilishiwa mwalimu kila mwaka lugha haishiki.

Mleta mada

Mume wangu amesoma yote haya na tumekubaliana jambo moja tu, kwamba hatutalipa amana kabla barua ya uongofu haijajibiwa. Kama yupo ambaye mtoto wake alianzia shule ya umma akahamia ya Kiyahudi darasa la sita hivi, tafadhali aeleze mtoto aliwafikiaje wenzake katika Kiebrania, maana naona njia hiyo haijaguswa na mtu.